Jeshi la Kandake Katika Meza ya Kileleshwa

Meza ya kulia chakula katika nyumba tuliyofikia Kileleshwa, magharibi ya jiji la Nairobi, haikuwa na nafasi ya kuweka sinia ya pilau. Toka ncha hadi ncha ilijaa vizibo vya soda, na juu ya kila kizibo alisimama mtu wa madini, urefu wake inchi moja. Walikuwapo wapiga mishale wenye podo migongoni, wenye mashoka na ngao za ngozi ya ng'ombe, wapanda farasi, na tembo watatu. Kumi na wawili tu, waliokuwa pembeni karibu na dirisha, hawakuwa wamekamilika. Nguo zao zilikuwa bado hazijapakwa rangi. Tulianza kuwahesabu, tukafika mia na hamsini, tukachoka.

"Wote ni mia tatu na sitini," alisema mwenye nyumba, huku akitupokea mizigo. "Nasi tunakula chini, juu ya mkeka, tangu mwezi wa nane."

Tulikuwa tumetoka Mombasa kwa treni ya asubuhi kwa shughuli ya arusi ya jamaa, mapema mwezi wa Desemba. Hatukukusudia kuandika habari yoyote. Lakini katika siku nne tulizokaa na jamaa hawa tuliona jambo ambalo tumedhani litawafaa wasomaji wetu, hasa akina mama wenye mzee nyumbani na watoto wasioinua macho yao kutoka kwenye simu.

Sanduku la baharia

Jeshi hilo ni la ami yetu, mzee wa miaka sabini na minne, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Ujanani alikuwa baharia katika meli za kigeni. Katika miaka ya 1970 meli yake ilitia nanga Uingereza kwa matengenezo ya miezi kadhaa, na katika kuzungukazunguka mjini akaona dirishani mwa duka askari wadogo wa madini, waliotengenezwa kwa mfano wa majeshi ya kale. Aliingia kuuliza bei, akatoka na pakiti mbili.

Zama hizo mchezo wa vita vya mezani ulikuwa umeshamiri huko. Asili yake ni ya siku nyingi. Maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wa namna hiyo wa kujifunzia vita, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1824. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake, Little Wars, kilichoufanya mchezo huo kuwa wa nyumbani. Kisha mwaka 1969 kikundi cha wapenzi wa historia, kilichojiita Wargames Research Group, kikatoa kanuni za vita vya kale, tangu Misri ya Mafarao hadi Roma. Waliocheza hawakuridhika na askari wa kubuni; walitaka kujua kila taifa lilivaa nini, lilishika silaha gani na lilipaka ngao zake rangi ipi. Askari waliuzwa bila rangi. Kazi ya kuwavisha ilikuwa ya mnunuzi.

Wala jambo lenyewe si la Wazungu peke yao. Katika jumba la makumbusho la Kairo yako majeshi mawili madogo ya mbao yaliyotolewa katika kaburi la mtawala aliyeitwa Mesehti, mjini Asyut. Yamekaribia umri wa miaka elfu nne. Moja ni la Wamisri arubaini wenye mikuki na ngao. Jingine ni la Wanubi arubaini wenye pinde na mishale. Wote wamepakwa rangi, na ngao za wale Wamisri zina mabaka ya ngozi ya ng'ombe, hakuna mbili zinazofanana.

Ami alichagua Wanubi. Alipoulizwa sababu na mabaharia wenzake, alijibu kwamba katika duka zima hao ndio waliofanana naye. Pakiti mbili zikawa kumi, kisha akawa anaagiza kwa posta, hadi sanduku la mbao likajaa. Alipaka rangi wapiga mishale ishirini na wanne. Kisha akaoa, akaacha bahari, akapata watoto na duka la kuendesha, na sanduku likaingia uvunguni mwa kitanda kwa muda wa miaka arubaini.

Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kumtoka. Ugonjwa wake ni glakoma, ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Huanza kwa kula pembe za uoni, taratibu na bila maumivu, hata mgonjwa asijue, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa na upasuaji huokoa ule uliobaki tu. Tunawakumbusha wasomaji wetu kwamba aliyepita miaka arubaini, hasa ikiwa mzazi au ndugu yake aliugua maradhi hayo, anapaswa kupimwa macho hata kama anaona vyema. Ami hakupimwa mapema. Alipoletwa Nairobi kwa bintiye, ili awe karibu na kliniki, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia linaona kama mtu achunguliaye kwenye tundu la ufunguo.

Bintiye alitusimulia kwamba kwa miezi mitatu mzee alikaa barazani juu ya ghorofa ya nne, akisikiliza magari, haongei ila akisemeshwa. Siku moja ya Agosti, wakati wa likizo ya shule, mjukuu wake wa kiume, mwenye miaka kumi na mmoja, alifungua sanduku akitafuta nyundo.

Pingamizi la mama

Mwenye nyumba ni mpambaji wa hina na piko. Hupamba maharusi wa Eastleigh, South C na kwingineko jijini, na mkono wake unajulikana. Aliposikia kuwa babake na watoto wanataka kutandaza sanamu mezani, hakufurahi, na hatudhani kuna mama miongoni mwa wasomaji wetu ambaye angefurahi mara moja.

Alikuwa na mambo matatu. La kwanza, hukumu ya sanamu za viumbe wenye roho. La pili, dadu, kwa kuwa mchezo huo huamuliwa kwa dadu. La tatu, risasi, maana askari wa zamani wa namna hiyo wameyeyushwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, nayo ni sumu kwa watoto.

Katika la kwanza alimpigia simu ustadhi aliyemsomesha Mombasa. Ustadhi hakumtolea jibu la neno moja. Alimwambia kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana: wako waliokataza sanamu zote, na wako wengi waliotoa ruhusa kwa vitu vya watoto kuchezea na kujifunzia. Alimkumbusha riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyekuwa na wanasesere na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomuuliza habari ya farasi mwenye mbawa, naye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, alicheka. Kisha ustadhi akamwachia yeye na babake waamue, akiwausia kwamba wakifanya basi visitundikwe wala kupangwa mahali pa heshima kama pambo.

Uamuzi wa nyumba ukawa huu: jeshi litapakwa rangi, na kazi ikiisha litarudi sandukuni na kifuniko kitafungwa, litatolewa kwa kufundishia, si kwa kupamba sebule. Dadu hazitaingia. Na katika la risasi mama aliweka sheria yake mwenyewe: hakuna kula wala kunywa mezani, hakuna kulamba ncha ya brashi, mikono huoshwa kwa sabuni kila mtu aondokapo, kukwangua madini kwa tupa ni kazi ya mtu mzima na hufanywa juu ya gazeti lililoloweshwa, na mtoto mdogo wa jirani, atiaye kila kitu mdomoni, haruhusiwi kukaribia. Sheria hiyo tumeona tuiandike hapa kwa ukamilifu, kwa ajili ya yeyote mwenye vitu vya zamani vya namna hiyo nyumbani.

Malkia wa jicho moja

Kabla ya kupaka rangi ilibidi kujua hao ni nani, kwa kuwa mchoraji asiyejua atapaka chochote. Mjukuu wa kike, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyepewa kazi ya kusoma, akimsomea babu yake kwa sauti kila usiku.

Ami alikuwa amekusudia tangu mwanzo liwe jeshi la Kushi, dola iliyokuwa katika nchi ambayo leo ni Sudan, na mji wake mkuu Meroe, kwenye ukingo wa Nile. Watawala wake wa kike walikuwa na cheo cha Kandake. Warumi walipoitwaa Misri mwaka wa 30 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake, wakawa majirani wa Kushi, na miaka michache baadaye Wakushi waliushambulia mpaka: wakaingia Aswan na visiwa vya Elephantine na Philae, wakachukua mateka na kuziangusha sanamu za Kaisari Augusto.

Habari hizo zimeandikwa na Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani aliyeizuru Misri zama hizo hizo. Amesema jeshi la Kushi lilikuwa la watu elfu thelathini, lenye ngao ndefu za ngozi mbichi ya ng'ombe, na silaha zao ni mashoka, mikuki na panga. Gavana wa Kirumi, Petronius, alikuja na askari wasiofika elfu kumi wa miguu na wapanda farasi mia nane, akawashinda, akaendelea hadi mji wa Napata akaubomoa. Lakini Kandake hakukubali. Alirudi na jeshi kuikabili ngome waliyoiacha Warumi, na mwisho wajumbe wake walikwenda mpaka kisiwa cha Samos kuonana na Augusto mwenyewe. Strabo anasema walipata yote waliyoyaomba, na kodi waliyotozwa ikafutwa. Kwa malkia huyo, ambaye wanahistoria wengi wanaamini ndiye Amanirenas, Strabo ametaja jambo moja la mwili wake: alikuwa na jicho moja tu lionalo.

Binti alipofika hapo katika kusoma, alinyamaza. Babu yake ndiye aliyecheka. "Endelea," alimwambia. "Miaka hamsini namjua huyu bibi, na leo ndiyo nimejua kwa nini nilimnunulia jeshi."

Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Meroe kichwa cha shaba cha Augusto, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aingiaye alikikanyaga. Leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London.

Na wapiga mishale wa nchi hiyo walitajwa tena baadaye, katika historia yetu sisi. Majeshi ya Kiislamu kutoka Misri yalipofika Dongola, mnamo mwaka wa 31 Hijria, hayakuuteka mji. Waandishi wa Kiarabu waliwaita Wanubi wale walengaji wa mboni za macho, kwa jinsi mishale yao ilivyokuwa haikosei. Ikafungwa suluhu iliyoitwa Baqt, ambayo kwa jumla ilidumu takriban karne sita.

Kumi na wawili kwa usiku tatu

Walioanza na ari kubwa waliishiwa nayo katika wiki ya kwanza. Kila mmoja alichukua askari wake, akamwanza na kummaliza: ngozi, nguo, mshipi, upinde, podo, nywele. Askari mmoja alichukua usiku mzima. Mvulana alipiga hesabu akaona watamaliza akiwa sekondari.

Jawabu walilipata Karen. Jumamosi moja mama aliwapeleka watoto kwenye karakana ya Kazuri, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Lady Susan Wood akiwa na wanawake wawili, na ambayo leo ni kazi ya mamia ya wanawake, wengi wao wakilea watoto peke yao. Hutengeneza shanga za udongo, na jina lake ni la Kiswahili: kitu kidogo kizuri. Watoto walitazama udongo ukifinyangwa kwa mkono punje baada ya punje, ukakaushwa, ukachomwa, ukapakwa rangi, ukachomwa tena, kisha ukatungwa uzini. Jambo alilolishika mvulana ni kwamba hapana mwanamke aliyebeba shanga moja toka udongo hadi mkufu. Kila mmoja alikuwa na hatua yake, na mbele yake trei iliyojaa.

Waliporudi waliligawa jeshi. Askari wa miguu waliobaki walikuwa mia tatu na kumi na wawili, yaani makundi ishirini na sita ya watu kumi na wawili. Kila kundi lilipewa usiku tatu: wa kwanza ngozi, wa pili nguo, ngozi za mishipi na mbao za pinde, wa tatu vivuli na mwanga. Kazi ilianza baada ya Ishaa na kusimama saa nne, isipokuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Ishirini na sita mara tatu ni usiku sabini na minane, na mvulana aliubandika ukutani mchoro wa visanduku sabini na vinane, akikipiga alama kimoja kimoja. Farasi na tembo waliwekewa mchana wa Jumapili.

Kwa wanaotaka kujua, kazi yenyewe huenda hivi. Kijisanamu huoshwa kwa maji ya sabuni na mswaki mkuukuu, ili kuondoa mafuta ya kalibu. Hugandishwa juu ya kizibo cha soda, ili mkono ushike kizibo na si mtu. Hupulizwa andakoti ya kijivu, ile ile ya magari. Mama aliinunua Barabara ya Kirinyaga, akaipuliza barazani siku isiyo na mvua, pua imefungwa. Kisha hufuata rangi za maji, zilizozimuliwa hadi ziwe nyepesi kama maziwa. Rangi nzito hufunika macho na vidole. Zikikauka, hupitishwa maji ya rangi ya kahawia iliyokoza, nayo hujikusanya yenyewe kwenye mikunjo na kufanya kivuli. Mwisho, sehemu zilizoinuka, kama paji la uso na mabega, huguswa kwa rangi iliyo angavu kidogo, na vanishi hufunika yote.

Brashi ndizo zilizowasumbua. Zile za shule zilikuwa nene kama ufagio. Mama ndiye aliyekumbuka Barabara ya Dubois, katikati ya jiji, yanakouzwa mapambo ya wanawake kwa jumla, akarudi na brashi za kuchorea kucha, ncha yake nywele chache tu, kwa bei ndogo. Hapo ndipo mkono wake ulipoanza kuwasha.

Ngao zilikuwa tisini na sita, na kila moja ilitaka mabaka ya ng'ombe wake. Watoto walizipaka madoa ya duara yaliyofanana, kama pipi. Usiku mmoja mama, aliyekuwa akipita na kikapu cha nguo, alisimama nyuma yao, akatazama, akaweka kikapu chini. Ng'ombe hana duara, aliwaambia. Mabaka yake yana pwani na ghuba kama ramani. Alichora moja kuonyesha. Zilizobaki zote akazichora yeye, kwa mkono ule ule uwapambao maharusi, na watoto wanaapa kuwa hata mara moja hakurudia baka.

Rangi ya mikono yetu

Wale ishirini na wanne wa ujana wake, ami alikuwa amewapaka rangi nyeusi ya mafuta, moja kwa moja kutoka mkebeni. Kwa mbali walipendeza. Kwa karibu hawakuwa na nyuso, kwa sababu juu ya weusi mtupu hakuna kivuli kinachoonekana. Mjukuu wa kike alimwambia kwa adabu kwamba hajapata kuona mtu mwenye rangi ya lami. Mzee alijibu kuwa katika vijitabu vyake vya wakati ule hakukumbuka kuona maelezo ya kumpaka Mwafrika uso, naye akafanya kama alivyoona wengine wakifanya.

Basi binti akawataka wote waweke mikono mezani, chini ya taa. Mkono wa babu, mkono wa mama, wake na wa nduguye: damu moja, na hapana miwili iliyolingana. Akachanganya kahawia na nyekundu kidogo kwa mmoja, kahawia na manjano kwa mwingine, na kwa babu yake kahawia iliyotiwa tone la buluu. Jeshi zima limepakwa kwa rangi hizo nne. Tulipowatazama kwa kioo cha kukuza, tuliona kwamba hakuna kundi lenye sura ya kundi jingine, na nyuso zina mashavu na paji.

Wale ishirini na wanne weusi walitaka kuwapaka upya. Mama ndiye aliyekataa. Ile ni kazi ya mikono ya babake alipokuwa anaona, alisema, na itabaki ilivyo.

Jirani kutoka Shendi

Ghorofa ya chini anaishi mama wa Kisudani ambaye watoto humwita Khala. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 alitoka na binti zake watatu, na baada ya safari ndefu wakafika Nairobi, ambako Wasudani wengi wamepata hifadhi. Mwezi wa Oktoba alipanda kurudisha sufuria, akaikuta meza.

Alizaliwa Shendi, si mbali na piramidi za Meroe, ambazo wenyeji huziita za Bajrawiya. Alisimama muda mrefu bila kusema. Kisha aliuliza kwa Kiarabu, na mama akamfasiria babake, kama hawa ni watu wa kwao. Alipojibiwa, alikaa kitini akawasimulia mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vya binti: kwamba wakiwa shule walipelekwa kuzitazama piramidi hizo, kwamba wakati wa maandamano ya mwaka 2019 wasichana wa Khartoum waliokuwa mbele waliitwa Kandaka, kwa jina la malkia hao, na kwamba Makumbusho ya Taifa ya Khartoum, alikokuwa akiwapeleka binti zake, yameporwa katika vita hivi.

Mvulana alikuwa amekwisha kubandika mchanga wa manjano chini ya miguu ya askari sitini. Khala aliugusa kwa kidole, akatikisa kichwa. Mchanga wa Bajrawiya, alisema, unaelekea rangi ya chungwa, na mawe yake ni meusi. Sitini wote walibanduliwa na kuanzwa upya. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili na binti zake, na kazi ya ardhi ikawa ya kwao. Tulipofika sisi, alikuwapo, anachanganya rangi ya chungwa na kahawia kwenye sahani nyeupe ya kauri, na meza nzima ya Kileleshwa imesimama juu ya udongo wa Shendi.

Usiku wa mwisho

Kundi la ishirini na sita lilimalizika usiku wa tatu wa kukaa kwetu. Kikabaki kizibo kimoja.

Malkia hakuuzwa dukani. Ami alimtengeneza mwenyewe ujanani kwa kuunganisha vipande vya vijisanamu viwili na kumvisha joho la karatasi ya risasi. Watoto walikuwa wamempaka vazi, mkufu na upinde. Uso ulikuwa tayari isipokuwa macho, kwa kuwa mzee alikuwa amesema tangu Agosti kuwa macho ya Kandake ni kazi yake.

Jicho la kijisanamu cha inchi moja ni nukta. Hata kijana mwenye uoni kamili hulikosa mara tatu kabla ya kulipata. Taa ililetwa karibu, na kioo cha kukuza kikafungwa kwenye mguu wa kiti kilichopinduliwa. Mjukuu wa kike alishika kizibo, mama akaushika mkono wa babake chini ya kifundo, pale pale anapoushika mkono wa bibi arusi usitikisike. Mzee aliisogeza brashi kidogo kidogo, jicho lake likitafuta uso ndani ya lile tundu la ufunguo. Mara ya kwanza nukta iliangukia shavuni. Binti akaifuta kwa kijiti cha meno. Mara ya pili ikaangukia puani. Hakuna aliyecheka, wala aliyesema afanyiwe.

Mara ya tatu ikakaa mahali pake, upande wa kulia. Mvulana akauliza upande wa pili. "Huo tayari," alisema babu yake. "Huo mwache vivyo hivyo."

Asubuhi ya pili jeshi lilipangwa sakafuni, wale ishirini na wanne weusi mstari wa mbele. Watoto wa Khala na wa ghorofa nyingine waliitwa, na mzee akawahadithia habari ya Aswan na ya wajumbe wa Samos, akiwagusa askari kwa fimbo yake. Hakukosea mahali pa kundi hata moja, kwa maana kila usiku, kabla ya kulala, alikuwa akiwahesabu kwa vidole. Tulimtazama bintiye. Alituambia baadaye kuwa ile ndiyo sauti aliyokuwa akisimuliwa nayo bahari alipokuwa mdogo, na kwamba alikuwa amekwisha kudhani haitarudi.

Kliniki imewaeleza wazi kuwa jicho la kulia nalo litazidi kupungua, ingawa dawa zinalicheleweshea. Hakuna katika nyumba hiyo anayejidanganya. Tunamwombea kwa Mwenyezi Mungu, Naye ndiye Mwenye kuona yote, amhifadhie kilichobaki na ampe subira kwa kitakachoondoka.

Baada ya Adhuhuri askari walifungwa katika karatasi laini, wakarudi sandukuni kama ilivyokubaliwa, na kifuniko kikateremshwa. Mama aliisugua meza kwa sabuni mara mbili, akaikausha, akaweka juu yake sinia ya pilau kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kisha akageuka kuita watu waje kula, akamkuta mwanawe amekwisha kutandika mkeka.

Tulikula chini.